Nambari Moja Baada ya Nukta

Leo tuweke lesi na shela pembeni kidogo. Tuna habari ya karatasi ya hospitali, maana karatasi moja nusura ivunje ndoa nyumbani kwetu.

Sisi ni ndugu wa kike, tunashona nguo za harusi hapa Mzinga, Morogoro, chini ya milima ya Uluguru. Mdogo wetu alikuwa ameshaposwa na mahari imeshapokelewa alipopata ajali ya bodaboda. Uti wa mgongo uliumia, miguu ikapooza. Mchumba wake hakurudi nyuma. Alimwambia baba, "Nilimposa yeye, sikuiposa miguu yake." Tukasema Alhamdulillah.

Kama miezi miwili baadaye nyonga ya kulia ilivimba, ikawa ya moto, na paja likagoma kukunjika. Hata kumkalisha kwenye kiti cha magurudumu ikawa kazi. Majirani wakashauri aletwe mkandaji amnyooshe. Mama akakataa katakata: kwanza hospitali. Huko walianza kwa kupima mishipa ya damu, kwani mguu uliopooza ukivimba ghafla huenda damu imeganda ndani, na ikisafiri hadi mapafuni inaua. Haikuwa hiyo. Eksirei ya kwanza haikuonyesha kitu. Ya pili, wiki kadhaa mbele, ikaonyesha weupe kama wingu pembeni mwa nyonga. Mfupa ulikuwa unaota ndani ya nyama.

Jambo hili si geni wala si la kurogwa. Mwaka 1918 daktari mwanamke wa Ufaransa, Augusta Dejerine-Klumpke, pamoja na mwenzake Ceillier, waliliandika walipoliona kwa askari waliopooza vitani. Hutokea chini ya pale uti ulipoumia, na mara nyingi zaidi kwenye nyonga.

Sasa karatasi. Kila ugonjwa una nambari yake katika orodha ya Shirika la Afya Duniani iitwayo ICD-10, ili daktari wa popote aelewe kilichoandikwa. Misuli kuota chokaa au mfupa ni M61. Kinachofuata nukta ndicho kinachotaja aina: 0 ni ya kuumia, 1 ni ile inayoendelea mwilini mwote, 2 ni ya waliopooza, 3 ni ya walioungua. Katika kituo kimoja aliyejaza fomu ya mdogo wetu aliandika M61.1.

Binamu wa bwana harusi anasoma uuguzi. Aliiona ile fomu, akaitafuta nambari, akakuta ugonjwa wa nadra sana unaotokana na hitilafu ya jeni, ambao mwenye nao anaweza kumrithisha mtoto. Haikupita wiki, shangazi wa bwana harusi akaja, akakaa mkekani, akanywa chai yote, ndipo akauliza: "Wanangu, maradhi haya ni ya ukoo?" Hakuuliza kwa ubaya. Mtu ana haki ya kujua anaoa wapi. Lakini mdogo wetu alikuwa chumba cha pili na alisikia kila neno. Siku tatu hakula vizuri.

Tukaenda kwa daktari bingwa wa mifupa. Aliuliza habari ya ajali, akaangalia picha, kisha akatazama vidole gumba vya miguu. Wenye ule ugonjwa wa kurithi kwa kawaida huzaliwa na vidole hivyo vimepinda au vifupi. Vya mdogo wetu vimenyooka. Akakata nambari ya zamani, akaandika M61.2, akagonga muhuri. Tulimpelekea shangazi karatasi ile mkononi, na yule binamu akamsomea mwenyewe. Shangazi alilia, akaomba aingie chumba cha pili.

Nikaha ilifungwa nyumbani. Gauni tulilishona kwa vipimo vya aliyekaa: mbele refu kufunika miguu, nyuma fupi lisijikunje chini yake, zipu ubavuni, na hakuna mshono wala shanga sehemu ya kukalia, kwa kuwa asiyehisi maumivu hupata kidonda bila kujua. Nyonga bado haikunjiki sawasawa. Mfupa ule ukikomaa huenda ukatolewa kwa upasuaji, na madaktari hawaharakishi. Kwa sasa mtaalamu wa viungo anamfanyisha mazoezi ya taratibu, na swala anaswali kwa kukaa, kama dini ilivyomrahisishia.

Dada mwenye mgonjwa aliyepooza, shika haya:

Kiungo kikivimba na kuwa cha moto, nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama yeye hasikii maumivu. Usiruhusu kikandwe wala kunyooshwa kwa nguvu.

Eksirei ya mwanzo ikiwa safi na uvimbe haupungui, rudi.

Kabla ya kutoka, uliza nambari iliyoandikwa ina maana gani, na hakikisha daktari ameandikiwa habari ya kupooza. Kuuliza si utovu wa adabu.

Na wewe unayechunguza ukoo wa mchumba, uliza, ila umuulize daktari kabla ya jirani. Allah awaponye wagonjwa wetu. Amin.