Wewe Si Uko Tu Nyumbani?

Video za kufuma kuna kitu huwa hazionyeshi. Unaona mikono, uzi wa rangi ya maziwa, kikombe cha chai pembeni, mvua kwa dirisha. Sekunde 40 sweta imeisha. Mimi pia hutengeneza hizo video na ndizo huniletea oda, kwa hivyo sizitukani. Lakini bado sijaona hata moja ya mtu akiitwa mara sita kabla amalize mstari mmoja.

Kama hujawahi kushika sindano, wacha nikueleze. Kufuma ni kuhesabu. Sweta ya mtoto wa chekechea, kwa sindano namba 8, naanza mgongo na vitanzi 76. Napanda mpaka kwapani, halafu naanza kupunguza kitanzi kimoja kila upande, mstari mmoja ndiyo, unaofuata hapana. Ukiitwa ukiwa kitanzi cha 41, ukirudi hujui kama huu ulikuwa mstari wa kupunguza au wa kwenda tu. Unafumua. Dakika mbili ulizoitwa zinakuwa ishirini. Yule aliyekuita ameona zile mbili peke yake.

Na mimi huitwa sana. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilitushinda, hiyo ni story ya siku nyingine. Inaingia hapa kwa sababu moja: tangu nirudi kwetu Limuru, kwa familia yote mimi ndiye mtu ambaye "yuko". Fundi wa stima anakuja saa nne, nani atamngoja? Mtoto wa anti amefunga shule, ataachwa na nani? Kuna mazishi Jumamosi, nani atatangulia Alhamisi kumenya viazi? Jibu ni moja, na huwa linakuja kama swali: wewe si uko tu nyumbani?

Binamu yangu anauza simu kwa duka huko mjini. Hakuna mtu humpigia saa nne asubuhi aache kaunta akangoje fundi. Yeye akikaa kwa kiti, anafanya kazi. Mimi nikikaa kwa kiti, nimekaa.

Sidhani ni roho mbaya. Nafikiri ni vile kufuma kunafanana na kupumzika. Wengi wetu tumelelewa tukiona mama zetu wakifuma vitambaa vya viti jioni, redio ikiongea, maharagwe yakichemka. Mathe ana kibanda cha mboga sokoni, lakini usiku alikuwa anafuma vitambaa, seti nzima, vya kiti kikubwa, vya viti vidogo na cha meza. Ukiingia nyumba za majirani hapa kwetu, vingine bado viko, vimeoshwa mpaka vimelainika. Sare yangu ya darasa la kwanza ilitoka kwa hizo pesa. Lakini muulize leo alikuwa anafanya kazi gani zamani, atakwambia mboga. Vitambaa? "Hiyo nilikuwa najishughulisha tu."

Shirika la takwimu la serikali, KNBS, lilifanya utafiti wa jinsi Wakenya wanavyotumia muda wao mwaka 2021. Likakuta kwamba kazi za nyumbani na za kutunza watu bila malipo, wanawake huzifanya karibu mara tano kuliko wanaume. Mara tano! Nilimsomea mathe. Akacheka, akasema hao watafiti wangemuuliza yeye wangeokoa nauli.

Sasa nifike kwa ile kesi ya Desemba, kwa sababu kuna watu wa familia wanaosoma hapa na wameisikia upande mmoja.

Katikati ya Novemba nilipata oda ya shule ndogo ya chekechea, sweta 18 za kijani, zikuwe tayari shule ikifunguliwa Januari. Shilingi 900 kila moja. Jumla ni 16,200, na nusu wakanitumia hapo hapo. Uzi wa sweta moja ni kama shilingi 300, kwa hivyo 5,400 inaenda kwa uzi. Kunabaki 10,800. Nilikuwa nimepima muda wangu: sweta moja, pamoja na kuunganisha mikono na kushona vifungo, ni masaa 11. Mara 18 ni masaa 198. Piga hesabu mwenyewe. Ni kama shilingi 55 kwa saa, na hapo sijaweka nauli ya kufuata uzi Nairobi. Lakini ilikuwa oda yangu ya kwanza kubwa, na shule ikipenda, mwaka ujao wako na wewe tena.

Wiki ya kwanza ya Desemba shosho akateleza jikoni kwake, akavunjika nyonga. Alifanyiwa upasuaji, namshukuru Mungu ulienda vizuri, lakini mtu wa miaka yake akitoka hospitali na nyonga iliyotengenezwa haendi kulala peke yake. Anahitaji mtu wa kumgeuza, kumwogesha, kumpeleka choo, kumpa dawa kwa saa zake, kumshika akijaribu hatua tatu na kile kifaa cha kutembelea. Mchana na usiku.

Grupu ya familia ikakaa siku moja na nusu ikijadili. Anko mmoja yuko Mombasa. Anti mkubwa ana kazi ya ofisi. Wengine wana watoto. Kufikia jioni ya pili, jina langu lilikuwa limeandikwa na watu wanne, na mmoja akaongeza kale kamaneno: "Si yeye yuko tu nyumbani."

Nataka hii ieleweke vizuri. Kumtunza shosho nilitaka. Ni yeye alimfunza mathe kufuma, na mathe akanifunza mimi. Kama wangeniuliza ningesema ndiyo kabla wamalize swali. Lakini nilikuwa nimemaliza sweta saba, zimebaki kumi na moja, na pesa ya watu nimeshakula uzi. Nikakaa na daftari nikapiga hesabu ya usiku na ya alfajiri, nikaona naweza kumaliza tano. Sita hazingewezekana.

Kuna mama jirani anafuma vizuri sana. Nikamuuliza kama anaweza kushika sita. Akakubali. Kwa kila sweta mimi nikitoa uzi hubaki na 600, kwa hivyo na yeye nitamlipa 600. Siwezi kumpa mtu chini ya ninachojilipa halafu nikuje hapa kuongea kuhusu haki. Jumla 3,600. Nikaandika kwa grupu: mimi nitakaa na shosho mpaka asimame, na nyinyi mlio na mishahara mchange 3,600 nimlipe huyu mama, ili oda isianguke.

Kimya. Halafu moto.

"Kwa hivyo sasa shosho analipiwa?" Huyo ni anti mkubwa. Mwingine akasema watoto wa siku hizi kila kitu ni doo. Mwingine akaleta mistari ya Biblia. Mtu akauliza kwani hizo sweta haziwezi kungoja, kana kwamba Januari ni mtu unaweza kumpigia simu.

Niliwajibu mara moja tu. Niliwaambia sijaomba hata shilingi ya kumtunza shosho. Nimeomba mlipie kazi ninayoiacha ili nimtunze. Anti, ungeenda wewe, ungeomba ruhusa kazini na mshahara ungeendelea kuingia. Mimi nikiacha sindano, hakuna anayenilipa nikiwa likizo. Tofauti ni hiyo tu.

Aliyenishangaza ni mathe. Huwa haandiki kwa grupu, yeye husoma tu. Usiku huo alituma ujumbe wa sauti, sekunde kumi hivi: "Mimi nilifuma miaka kumi na nne usiku na hakuna mtu aliwahi kusema ni kazi. Huyu amesema. Mtumieni." Basi. Hakuongeza kitu, na asubuhi aliamka akaenda sokoni kama kawaida, hata hatukuizungumzia.

Anko wa Mombasa akatuma 3,000. Zile 600 zilizobaki nikajaza mwenyewe. Anti mkubwa hakutuma, na kwa muda mrefu hakunisemesha. Sweta zilifika shule siku mbili kabla ya kufunguliwa. Mbili kati ya zile za jirani shingo zilikuwa zimebana kidogo, nikafumua shingo na kurudia, shosho akiwa amelala kando akiniambia natumia vitanzi vichache. Alikuwa sawa, macho hayaoni vizuri lakini vidole vinakumbuka.

Kuna kitu kimoja nimebadilisha tangu hapo. Pesa ya sweta sasa inaingia kwa Pochi la Biashara, haichanganyiki na ile yangu ya M-Pesa. Inasaidia. Mtu akiniomba 500 ya gesi ninaweza kuona kama ninampa pesa yangu au uzi wa kastoma. Gesi bado nanunua. Nyumba ni yetu sote na mimi pia nakula. Na wale husema uweke mipaka, uzime simu, ufunge mlango wa ofisi: ofisi yangu ni kitanda, na mlango ni pazia.

Lakini masaa nayaandika. Niko na daftari la shule, upande mmoja masaa ya sindano, upande mwingine masaa ya nyumbani: kumpeleka shosho kliniki, kungoja fundi, kukaa na mtoto wa fulani. Sitafuti mtu wa kunilipa hiyo ya pili. Nimechoka tu kuambiwa haipo. Wiki iliyopita ile ya pili ilikuwa 31. Mathe alilifungua akaangalia, akauliza kama naweza kumchorea na yeye lake.

Shosho sasa anatembea na fimbo mpaka kwa geti na kurudi. Anti mkubwa alinitext Jumanne, mara ya kwanza tangu Desemba. Anataka sweta ya mtoto wake, ya bluu, kabla baridi ya Juni ianze. Aliuliza, "Ya familia ni ngapi?"

Nikamwandikia 900, na kwamba itachukua wiki mbili. Alama za bluu zilitokea saa tatu na dakika kumi. Bado hajajibu.