Breki Inapokwaruza

Baiskeli za milimani zenye breki za diski siku hizi zimeingia hata katika nyumba zetu, nyingi zikiwa za mtumba. Baadhi ya breki hizo husukumwa kwa mafuta, na ubora wake ni kwamba kidole kimoja chatosha kulisimamisha gurudumu. Udhia wake ni mkwaruzo: pedi hugusa diski hata breki isipobanwa.

Kijana wetu wa miaka 13 alichoshwa na mlio huo. Wenzake wakamshauri azichomoe pedi ili gurudumu lizunguke kwa wepesi. Sisi twakaa mlimani. Kutoka mlangoni hadi barabara kuu ni mteremko mtupu. Tulimkataza, lakini tuliona kwamba katazo pekee lingemwachia mlio uleule na kishawishi kilekile. Basi tukaketi naye uani.

Kwanza tulihakikisha gurudumu limekaa sawasawa katika nafasi yake, kwani likikaa upande, diski nayo hukaa upande. Kisha tulizilegeza boliti mbili zinazoshikilia kifaa kinachobeba pedi, kiasi cha kukiwezesha kusogea. Kijana akaubana mkono wa breki kwa nguvu, asiuachie. Pedi zikaikumbatia diski, na kifaa kikajipanga chenyewe katikati. Nasi tukazikaza boliti kwa zamu, kidogo kidogo. Alipoachia, gurudumu likazunguka kimya.

Mlio ukibaki, usikilizwe. Ukisikika mara moja katika kila mzunguko, yaelekea diski imepinda. Ukiwa mfululizo, huenda pistoni moja hairudi vyema. Mafuta yakivuja, baiskeli isipandwe mpaka fundi aitazame, wala yasiongezwe mafuta yoyote yaliyopo, kwani kila breki ina aina yake. Diski isishikwe kwa vidole wala kupakwa grisi, na breki isibanwe gurudumu likiwa limetolewa, maana pedi zitakutana.

Gurudumu la nyuma tulimwachia kijana alitengeneze mwenyewe, nasi tukishika tochi. Alirudia mara tatu. Baadaye aliijaribu baiskeli mahali tambarare, akasimama papo hapo, kisha akaomba ruhusa ya kushuka mteremko. Tulimpa, pedi zote nne zikiwa mahali pake.