Nani Aliyesema Haya?

Nilikuwa mkutubi wa chuo kikuu Dar es Salaam mpaka nilipostaafu, na muda mwingi nilikaa kwenye dawati la marejeleo. Wanafunzi walifika na kilio kilekile: "Shikamoo mama, mada ninayo, vitabu hakuna." Vitabu vilikuwepo. Walikuwa wameiandika mada nzima kwenye katalogi ya kompyuta, nayo haikuwapa kitu. Niliwafundisha kuivunja mada: ndoa, pwani, mila; kisha watafute kwa Kiingereza; kisha wakipata kitabu kizuri wafungue marejeleo yake na kuwafuata waliotajwa humo. Ndivyo wengi walivyolifikia Tanganyika Notes and Records, jarida lililoanza mwaka 1936.

Binti mmoja wa uzamili aliyeandika kuhusu ndoa za Waswahili aliniletea rasimu iliyojaa "Velten 1903". Nikamvutia kiti. Kitabu hicho, Desturi za Wasuaheli, kilichapwa Ujerumani mwaka huo kwa jina la Carl Velten, aliyekusanya na kuhariri. Lakini sehemu kubwa ya maelezo ni ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo aliyefundisha Kiswahili Berlin na kufia hukohuko Ujerumani mwaka 1927. Tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen, ya 1981, imemtaja Mtoro kwenye jalada. Binti akanyamaza, kisha akauliza, "Kwa hiyo mama, muda wote huu nimemnukuu nani?" Nilifurahi mno. Tuliipitia rasimu yake ukurasa kwa ukurasa, Mtoro akapewa haki yake, na Velten naye hakunyimwa ya kwake.

Programu za kukagua mfanano wa tasnifu na maandishi mengine zilipoingia, ombi likageuka: "Mama, nisaidie kushusha asilimia." Walibadilisha neno hapa na pale, wazo likabaki la mtu ambaye jina lake halimo. Aliyetafsiri kurasa nzima za Kiingereza mara nyingi alipita bila kuguswa, na huo nao ni wizi. Sikumsaidia yeyote kushusha asilimia. Nilimwambia afunge kitabu, anisimulie alichosoma, aandike hayo, halafu aweke jina, mwaka na ukurasa. Aliyeshindwa kusimulia alirudi kusoma.

Enyi mnaosimamia tasnifu, asilimia ile isiwatoshe. Chagueni marejeleo machache, mkae na mwanafunzi, mumwulize huyu ni nani na alisema nini hasa.