Barua kutoka Leicester: Indiketa ya kulia

Mdogo wangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza. Unasema indiketa ya kulia ya Corolla inapiga mbio, ya kushoto inakwenda vizuri, na umeshauriwa ununue flasha mpya. Usinunue kwanza.

Flasha ya magari ya zamani, kile kifaa kinachofanya taa zipige, huenda kwa umeme unaopita kwenye taa. Globu ya mbele na ya nyuma, wati 21 kila moja, zikiwaka pamoja, inapiga kwa mwendo wake. Moja ikiungua, umeme unapungua na flasha inaanza kukimbia, na hiyo ndiyo taarifa anayopewa dereva. Flasha ni hiyohiyo inayohudumia kulia na kushoto, kwa hiyo kama ya kushoto inapiga vizuri, flasha yenyewe haina kosa. Washa ya kulia, shuka, zunguka gari. Utaiona taa iliyokufa.

Kabla hujalipia globu, soma maandishi kwenye kitako chake. Maduka ya vipuri ya barabara kuu yanahudumia pia malori, na malori ni ya volti 24. Globu ya lori inaweza kuingia bila shida kwenye gari lako la volti 12, lakini itawaka kwa unyonge na indiketa itaendelea kukimbia. Zile za LED nazo zinakula umeme kidogo mno. Flasha ya zamani huzihesabu kama zimeungua.

Globu ikiwa nzima na bado haiwaki, kagua kishikio chake. Vumbi likikutana na maji ya mvua, shaba inaota kutu ya kijani. Izime taa, ikwangue kutu hiyo kwa msasa laini. Halafu ufuate waya wa ethi mpaka pale unapofungwa kwenye bodi. Ukiona indiketa ya nyuma inawaka kidogo kila ukikanyaga breki, basi ethi imelegea au imeliwa na kutu. Huku adui wa ethi ni chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi ili barafu iyeyuke. Kwetu ni mtikisiko wa barabara za vumbi.

Siku pande zote mbili zikigoma, bonyeza hazadi. Taa zote zikipiga, kwa kawaida flasha ni nzima. Angalia fyuzi ya indiketa, kisha swichi ya kwenye usukani. Hazadi nayo ikikataa, kagua fyuzi yake, na hapo sasa ndipo flasha ishukiwe.

Huku gari likitimiza miaka 3 hukaguliwa kila mwaka. Ukaguzi huo unaitwa MOT, na ulianza mwaka 1960. Indiketa inatakiwa ipige kati ya mara 60 na 120 kwa dakika. Ikizidi hapo, gari halipiti. Wako wanaolalamika kwamba ni usumbufu. Mimi naiunga mkono sheria hiyo kwa moyo wote, kwa sababu naujua mlima Sekenke wa huko nyumbani.

Wewe mwenyewe unaujua. Lori la mzigo wa Rwanda au Kongo linapanda polepole, nyuma yake magari yamejipanga, na hakuna anayeona kinachoshuka. Dereva wa lori akiwasha ya kulia, mnatulia. Akiwasha ya kushoto, mnapita. Roho za abiria zinategemea globu moja. (Kwa ushauri wangu, ya kushoto usiiamini peke yake. Huenda anataka kuegesha tu.)

Lakini hofu yangu kubwa ni pale Misigiri. Ukitoka Singida kwenda Kiomboi unakata kulia, na nyuma yako kuna basi la Mwanza lenye haraka. Kama taa iliyokufa ni ya nyuma, dereva wa basi anaona gari linalopunguza mwendo bila ishara yoyote, naye anatoka kulikwepa kwa upande uleule unaouingia wewe. Ndani ya gari umesikia indiketa ikilia, unaamini umeshaaga.

Kwa hiyo nakuomba, usiwapakie watoto wa dada kwenda Kiomboi mpaka taa hiyo iwe inawaka. Ukimaliza, mwambie mtu asimame nyuma ya gari aitazame, kisha unipigie.

Kaka yako.