Mashine Iliyokosa Pumzi

Aliyepata kufika Kilindoni alfajiri, maji yakiwa yamekupwa, hasahau alichokiona. Bahari imejitenga na mji. Mashua na majahazi yamelala ubavu juu ya mchanga na tope, nao mabaharia wamekaa juu ya marobota wakinywa kahawa, hawana haraka. Katika kisiwa cha Mafia saa ya safari haipangwi na mtu. Hupangwa na maji.

Asubuhi ile ya Novemba, miaka kadhaa iliyopita, tulikuwa abiria 14 tukingoja kuvuka kwenda Nyamisati, bandari ndogo ya bara iliyojificha ndani ya mikoko ya delta ya Rufiji. Anayekwenda huko hana budi kuingia delta maji yangali yakijaa. Akichelewa, mafungu ya tope humnasa, akalala hapo na mbu mpaka maji mengine. Nayo yalikuwa majira ya tangambili: kusi imekwisha, kaskazi haijashika. Tanga lilikuwepo, lakini upepo haukuwepo. Tegemeo letu lilikuwa mashine ya dizeli ya silinda mbili iliyofungwa ndani ya tezi.

Tulipokwisha kung'oa nanga, nahodha alitueleza ukweli, kwani alikuwa mtu mwungwana. "Jamani, mashine hii ina ugonjwa. Hukata roho katikati ya bahari, ikapumzika, kisha ikawaka tena. Msishtuke."

Ugonjwa huo ulikuwa umemgharimu mno. Fundi wa kwanza alisema ni pampu, akanunua pampu. Wa pili alisema ni nozeli, akanunua nozeli. Wa tatu alilaumu joto, akabadilisha mpira wa maji ya kupozea. Fedha zilitokana na shamba la minazi aliloliweka rehani, minazi aliyoachiwa na babaye. Na kila mara mafundi walipoiwasha mashine ufukweni, ilinguruma vizuri, wakapokea ujira wao wakaenda zao.

Basi tulikwenda. Kilindoni ikawa mstari mweupe nyuma yetu, kisha ikawa minazi tu, kisha ikazama. Baada ya saa moja na robo hivi mlio wa mashine ulianza kupungua. Ilidhoofika, ikajikaza, ikadhoofika tena, ikanyamaza. Kimya kilichofuata kilikuwa kizito. Mkondo ulitushika, ukaanza kutupeleka kando ya njia yetu. Mama mmoja aliyempakata mtoto mwenye homa, akimpeleka hospitali ya bara, aliuliza kwa sauti ndogo, "Maji yatatungoja?" Hakuna aliyemjibu.

Kijana wa mashine alikwisha kushika spana ili afungue nozeli, ndipo mzee mmoja aliyekuwa ameketi juu ya gunia la nazi alipomzuia. Tulikuja kujua baadaye kwamba alistaafu kazi ya karakana ya reli.

"Ngoja kwanza, mwanangu. Usimpasue mgonjwa kabla hujamwuliza. Huzima baada ya muda gani?"

"Saa moja na kitu, babu. Kila safari."

"Huzima ghafla, au kama mtu anayechoka?"

"Kama anayechoka."

"Na moshi wake?"

"Wa kawaida tu. Si mweusi wala mweupe."

"Maji ya kupozea yalikuwa yakitoka?"

"Yalikuwa yakitoka, babu, na kichwa cha mashine hakikuunguza mkono."

Mzee akatikisa kichwa. Alitueleza, sisi tusiojua, kwamba mashine ya dizeli haina plagi za kuwasha moto kama ile ya petroli. Inataka vitu vitatu: hewa, mafuta safi, na mgandamizo wa kuyawasha. Mgandamizo ukiwa mbovu, mashine huwaka kwa taabu tangu asubuhi. Nozeli ikiwa mbovu, mara nyingi moshi husema. Lakini mashine inayochoka polepole kwa muda ule ule kila siku ina njaa. Swali ni moja: chakula kimezuiwa wapi, kati ya tangi na pampu?

Hakuanza na pampu. Alianza na tangi, akazungusha kifuniko chake. Sote tulisikia: tangi lilivuta hewa kwa nguvu, kama mpiga mbizi anayeibuka juu ya maji.

"Mmesikia?" akasema. "Mama akitoboa kopo la maziwa tundu moja, maziwa hudondoka kwa shida. Akitoboa la pili, hutiririka. Tangi hili limebaki na tundu moja."

Juu ya tangi palikuwa na kibomba chembamba cha kupumulia, kilichopindwa kama shingo ya bata. Kijana alipitisha waya ndani yake, na mara ukadondoka udongo mkavu. Kilikuwa kiota cha nyigu. Jahazi lilipokuwa limepandishwa pwani kutiwa kalafati, mdudu yule aliona tundu zuri akajenga nyumba. Tangu siku hiyo kila tone lililotoka halikuachia hewa nafasi ya kuingia, mpaka pampu ikashindwa kuvuta. Mashine ikipumzishwa, hewa ilijipenyeza kidogo kidogo kwenye kifuniko, nayo ikawaka. Na ufukweni iliwashwa dakika kumi tu, hivyo haikupata muda wa kuugua mbele ya fundi.

Kazi iliyobaki ilikuwa kutoa mapovu. Kijana alilegeza skrubu ya chujio, akasukuma kwa mkono pampu ndogo ya kuvutia mafuta mpaka dizeli ikatoka bila povu, akakaza. Akafanya vivyo hivyo kwenye pampu kubwa. Mashine ikawaka.

Lakini hatukushangilia. Ilikuwa imewaka mara nyingi kabla ya hapo. Nahodha alitazama saa yake, nasi tukamtazama yeye. Saa moja ikapita. Robo ikapita. Ilipotimia saa moja na nusu, mama yule alimfunika mtoto vizuri akalala.

Tuliingia mikokoni maji yakiwa yamebakiza kidogo kujaa. Mzee alituonyesha maji yale ya rangi ya udongo akatukumbusha kwamba katika delta hii hii, mwaka 1914, manowari ya Kijerumani Königsberg ilijificha mitambo yake ikiwa mibovu, baada ya kuizamisha Pegasus ya Waingereza huko Zanzibar tarehe 20 Septemba. Sehemu za mitambo zilikokotwa na wachukuzi Waafrika kwa nchi kavu hadi Dar es Salaam zikatengenezwe. Zilirudi, lakini milango ya delta ilikuwa imekwisha kuzibwa na adui. Manowari hiyo iliangamia humo humo Julai 1915. "Bahari haidharau mashine kubwa wala ndogo," alisema mzee.

Nyamisati mama alishuka wa kwanza, mtoto mgongoni. Nahodha alitaka kumrudishia mzee nauli yake. Mzee akakataa, akamwambia aitie katika deni la minazi. Kisha akamgeukia kijana. "Spana unayo, mwanangu. Sasa nunua na daftari. Kila ikizima, andika saa, mlio na moshi. Kisha ndipo ufungue nati."

Nimewahi kukutana na jahazi lile tena Kilindoni. Kibomba chake cha kupumulia kilikuwa kimefungwa kipande cha wavu mwembamba mdomoni.