Mtoto Aliye Katikati ya Walimu Wawili

Katika shule niliyoanzia kazi, kila mmoja wetu alikuwa na nusu ya jambo. Mwalimu wa elimu maalumu alijua nukta nundu na lugha ya alama, aliwajua watoto wake na wazazi wao; lakini kipindi cha michezo kilipofika alibaki darasani akisahihisha madaftari. Mimi nilikuwa mwalimu wa michezo. Nilijua kupima uwanja, kupanga timu, kufundisha riadha na mpira wa mikono. Lakini chuo kilichonipa ujuzi huo hakikunifundisha lolote kuhusu mtoto asiyeona au anayetembea kwa magongo. Mtoto mwenye ulemavu alidondoka katikati yetu. Kazi yake uwanjani ilikuwa kulinda viatu vya wenzake, na shule nzima ililiita jambo hilo huruma.

Katikati hapo ndipo nilipokwenda kusomea. Shahada yangu ya uzamili ni ya kufundisha elimu ya viungo kwa wanafunzi wenye ulemavu, na niliisomea Marekani, ambako ualimu huu ni taaluma kamili. Chanzo chake ni sheria. Mwaka 1975 Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya elimu kwa watoto wote wenye ulemavu, na katika kueleza maana ya elimu maalumu, sheria ikaitaja elimu ya viungo kwa jina. Hisabati haikutajwa hivyo, wala historia. Kwa hiyo, mtoto anapoandaliwa mpango wake binafsi wa masomo, suala la viungo vyake halirukwi. Sheria ilipodai huduma, vyuo vikapaswa kutoa walimu. Miaka ya 1990 wataalamu wakaandika viwango 15 vya kitaifa vya ujuzi wa mwalimu huyu, na tangu 1997 upo mtihani wake. Huruhusiwi kuufanya kabla hujathibitisha saa 200 za vitendo.

Saa hizo ndizo shule yenyewe. Watoto waliletwa ukumbini, kila mwanachuo akapewa wake, na mkufunzi akasimama pembeni na karatasi yake. Kitu cha kwanza alichotudai ni kutazama. Ukiandika kwenye ripoti kwamba mtoto hawezi kurusha mpira, ripoti inarudi: ni kipi hasa kinachokosekana? Kipimo tulichokitumia sana kilitungwa na Dale Ulrich mwaka 1985, na kinautenganisha urushaji wa mpira katika vitendo vinne. Mkono unaanza kwa kushuka na kwenda nyuma. Nyonga na bega vinageuka. Mguu wa upande usiorusha unatangulia. Mkono unaendelea kuvuka mwili baada ya mpira kutoka. Mtoto wa kwanza niliyepewa, mwenye ulemavu wa akili, alikuwa na vitatu. Mguu ndio uliokosekana. Tukabandika unyayo wa karatasi sakafuni, akaukanyaga, mpira ukafika ukutani. Miaka yote nyumbani Tanzania mtoto kama yule angeambiwa akae kando, kwa sababu ya hatua moja.

Mwingine alikuwa na usonji, na kila tulipoanza alikimbilia mlangoni. Wanachuo tuliongea habari za nidhamu. Mkufunzi alituambia tunyamaze tusikilize ukumbi: filimbi, mwangwi wa mipira sakafuni, mngurumo wa taa. Tuliondoa filimbi, tukampangia picha za shughuli kwa mfuatano, ya kwanza hadi ya mwisho, naye akazibandua moja baada ya nyingine kila alipomaliza. Aliacha kukimbia. Tulichokuwa tumebadilisha ni ukumbi tu.

Halafu kuna ujuzi ambao bila huo mwalimu mwenye nia njema anaweza kuumiza. Baadhi ya watoto wenye sindromu ya Down wana ulegevu kati ya pingili mbili za juu kabisa za shingo, hivyo kupinduka kichwa chini au kupiga mbizi kunaweza kudhuru uti wa mgongo. Daktari aulizwe kwanza. Mtu aliyeumia uti wa mgongo sehemu ya juu anaweza kupandwa na shinikizo la damu ghafla, kichwa kikamuuma vikali na uso kumtoka jasho, kisa ni mpira wa mkojo uliojikunja tu. Mtoto wa kichwa kikubwa aliyewekewa mrija wa kutoa maji kichwani halindwi kwa kufungiwa ndani, lakini hapigi mpira kwa kichwa. Mwenye selimundu anywe maji na apumzike kabla hajachoka sana. Nilipokuwa nasoma haya nilikuwa nawaona wanafunzi wangu wa zamani mmoja mmoja.

Yapo ambayo mafunzo yale yaliyagusa kidogo, na mimi nikayakuta makubwa niliporudi. Ualbino ni mojawapo. Kwetu Tanzania ni jambo la kila wilaya, na kipindi cha michezo mara nyingi kinapangwa wakati jua limeshakuwa kali. Nilimwomba mwalimu wa taaluma abadilishe ratiba, michezo ije asubuhi. Nguo za mikono mirefu na kofia pana ni vifaa vya michezo kama mpira ulivyo. Na kwa kuwa wengi wao wana uoni hafifu, mpira uwe wa rangi inayotofautiana na ardhi. Mpira wa kahawia kwenye uwanja wa vumbi hauonekani.

La pili ni idadi. Kule ilikuwa mwanachuo mmoja na mtoto mmoja. Hapa ni mwalimu mmoja na darasa linalojaza uwanja. Jibu nililolileta ni wanafunzi wenzake mtoto mwenye ulemavu, lakini waliofunzwa. Kumkimbiza mtu asiyeona kuna kanuni: kamba fupi kati ya mikono miwili, mwongozaji anataja kona kabla haijafika, na havuti. Na lazima awe na pumzi. Henry Wanyoike wa Kenya alishinda mbio za mita 5,000 za wasioona kwenye Paralimpiki ya Sydney mwaka 2000 huku mwongozaji wake akiwa amechoka kabisa na Wanyoike ndiye anayemhimiza afike mwisho. Huwaambia wanafunzi wangu kisa hicho ili wajue kwamba mwongozaji naye hufanya mazoezi.

La vifaa linasemwa sana kuliko linavyostahili. Goliboli ilibuniwa mwaka 1946 na Hanz Lorenzen na Sepp Reindle kwa ajili ya askari waliopofuka vitani. Timu ina watu watatu, uwanja ni mita 18 kwa 9, mpira una kengele ndani, na mistari ina uzi chini ya utepe ili vidole viitambue. Wote hufungwa macho, na watazamaji hunyamaza. Sisi tunashona njuga za ngoma ndani ya mpira wa matambara. Watoto wanaoona wakifungwa vitambaa, asiyeona huwa ndiye mwalimu wao. Voliboli ya kukaa inahitaji kamba na mchanga laini: mita 10 kwa 6, wavu kimo cha mita 1.15 kwa wanaume na 1.05 kwa wanawake. Viti vya magurudumu vya michezo ndivyo ghali kweli, na hivyo sitavidharau.

Hukumu yangu ni kwamba pengo letu liko vyuoni kuliko viwanjani. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara yake ya 30 inataka watoto hawa washiriki michezo sawa na wenzao, shuleni pia. Mwaka uliofuata tukatunga sheria yetu. Ahadi hizo zinamhitaji mtu wa kuzitekeleza saa mbili asubuhi akiwa na watoto mbele yake, na mtu huyo hatengenezwi kwa semina ya siku moja.

Nawaomba wakuu wa vyuo vya ualimu, mwalimu wa michezo asihitimu kabla hajafundisha watoto wenye ulemavu chini ya macho ya msimamizi, na mwalimu wa elimu maalumu asihitimu kabla hajaingia uwanjani. Nawe kijana unayetafuta shahada ya uzamili katika fani hii, ndani au nje ya nchi, kabla hujalipa ada uliza maswali mawili: nitakuwa na watoto kwa saa ngapi, na nani atakuwa ananitazama? Wakishindwa kukujibu, tafuta chuo kingine.