Hazama Katika Kijaluba cha Bibi

Basi la kutoka Mombasa lilitufikisha Mokowe baada ya adhuhuri, tukapanda mashua hadi gati la Lamu. Njia nzima mimi na binti yangu hatukuzungumza sana. Ana miaka 19, na alikuwa ameomba ruhusa ya kutoga pua: si ubavuni, mahali pa kipini, bali kwenye ukuta wa kati unaotenga matundu mawili. Nilimkatalia nikimwambia kwamba huo ni uigaji wa mambo ya ugenini.

Tulifuata Usita wa Mui tukiwapisha punda na mizigo yao, hata tukafika nyumbani kwa mama yangu. Baada ya sala ya Alasiri, mjukuu alimweleza bibi yake shida yake. Bibi hakusema neno. Aliingia ndani, akarudi na kijaluba cha fedha. Mlikuwamo majasi, kipini cha dhahabu, na pete ndogo iliyofifia.

"Hii ni hazama ya mama yangu," alisema, akagusa katikati ya pua yake. "Ilining'inia hapa."

Nilinyamaza. Nililoliita la ugenini lilikuwa limelala katika kijaluba cha nyumbani kwetu.

"Lakini usifurahi upesi, mjukuu wangu," bibi akaendelea. "Mama alitogwa kwa sindano ya kushonea na uzi. Pua ilimvimba, akalala na homa siku nyingi. Chukua pambo, usichukue sindano ile."

Jioni tulimwendea mwalimu wa madrasa. Alitueleza kwamba wanazuoni wamehitilafiana: wako walioruhusu kutoga pua pale ambapo ni pambo la wanawake kwa desturi, na wako waliokataza kwa kuwa ni kuutia mwili maumivu bila ya haja. Kupandisha maji puani wakati wa kutawadha, kwa madhehebu yetu ya Shafii, ni sunna. Mwenye kidonda asijidhuru.

Kesho yake jirani ya bibi, muuguzi, alitufafanulia mengine. Mtogaji stadi hupitisha sindano katika utando laini ulio mbele ya gegedu, wala si katika gegedu lenyewe. Sindano iwe mpya, ifunguliwe mbele ya macho yako, kwani sindano ya kushirikiana huambukiza homa ya ini na virusi vya Ukimwi. Pete ya kwanza iwe ya titani iliyo salama kwa mwili. Fedha kuukuu na madini yenye nikeli hayafai kidonda kibichi.

Kidonda huchukua wiki 6 hadi 8 kupona, na kwa wengine miezi. Kioshwe mara 2 kwa siku kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kikombe 1 kwa robo kijiko cha chai cha chumvi isiyotiwa madini joto. Mikono ioshwe kwanza kwa sabuni. Pete isizungushwe, wala kidonda kisitiwe spiriti au mafuta. Ukiona usaha, homa, maumivu yanayozidi, au uvimbe unaoziba pua, nenda hospitali siku hiyo hiyo, na pete usiivue mwenyewe, maana tundu likijifunga usaha hubaki ndani. Damu au usaha ukikusanyika ukutani, gegedu huweza kufa na pua ikabonyea.

Binti yangu alisikiliza yote, kisha akasema, "Mama, nitangoja mpaka nipate mtogaji wa kuaminika. Utanisindikiza?"

Nilimjibu kwamba nitamsindikiza. Sikusema kwamba nimelipenda jambo lenyewe, bali nimeona afadhali niwe kando yake kuliko ajifiche kwenye kibanda cha njiani.

Tulipovuka kurudi Mokowe, kijaluba kilikuwa mapajani mwake. Hazama ilikuwa imefungwa katika kitambaa, ikingoja kidonda ambacho bado hakijakuwapo kipone kwanza.